Nilivyopima maji ya mlimani ili Mama asihamishwe kutoka Kibingo

Wakuu, habari za mihangaiko. Wakubwa zangu, shikamooni.

Kawaida yangu humu ni kusoma za watu na kuondoka kimya kimya. Leo naomba nikae kidogo. Haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyakanyaga kabisa nikiwa na viatu vya kanisani. Nilichobadilisha ni majina tu, kwa sababu kaka yangu naye yumo humu ndani, na mdomo wake wanaomjua wanaujua.

Mainjinia wa maji mtakaopita hapa, nivumilieni. Mimi ni dada wa mabomba. Nina cheti changu cha umwagiliaji na kibanda changu Nyakahanga, si mbali na hospitali. Nauza mabomba, koki na matenki, na mtu akitaka nimfungie mfumo wa matone shambani, naenda kumfungia.

Basi, ni hivyo tu. Ila nikishika jambo la maji siliachii, na ubishi huo nimeurithi kwa mama yangu mzazi, ambaye ndiye mwenye uzi huu.

Twende.

Kwetu ni Kibingo, Kyerwa. Nyumba ya Mama iko chini ya mlima, katikati ya kibanja. Kwa ambao hamtoki Kagera, kibanja ni lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na kwetu ndiyo heshima ya mtu.

Mgeni akija haangalii sofa. Anaangalia migomba, halafu anaangalia chini ya migomba kama kuna nyasi. Kibanja cha mtu anayejiheshimu kimetandazwa nyasi mpaka udongo hauonekani. Kikiwa uchi, watu watakusalimia vizuri tu, wakifika barabarani wanaanza kukusema.

Nyasi zenyewe zilikuwa zinatoka rweya, yaani ule mlima wa majani matupu ambao zamani hakuna aliyeulima. Zinakatwa juu, zinabebwa kichwani, zinashushwa kwa migomba. Ndivyo tulivyokuta, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Baba alipofariki tulimzika kibanjani, karibu na jiko, kama ilivyo desturi. Tangu hapo Mama akiamka anamsalimia yeye kwanza. Sisi watoto tunafuata baadaye, kwenye simu.

Sasa kaka yangu mkubwa, tumwite Deo, ni mfanyabiashara pale Kayanga. Ni mtu mwema, tena mkarimu, lakini akiamua jambo limeamuliwa. Parachichi zilipoanza kusifiwa kila kona, Deo akaamua.

Alichukua ekari moja na nusu ya mlima, juu kabisa ya nyumba ya Mama, akailima yote. Aling'oa majani mpaka mizizi. Akapanda miche yake mistari imenyooka, ukitazama kutoka barabarani unapiga makofi.

Vuli ya mwaka huo ikaja.

Maji mekundu yaliteremka moja kwa moja mpaka jikoni, yakapita sebuleni, yakatokea mlango wa mbele kama mgeni aliyekosea nyumba. Tulimkuta Mama amekaa juu ya meza na kuku wake wawili, anasali rozari. Yeye alikuwa ametulia. Aliyekuwa anatetemeka ni Deo.

Hapo ndipo yalipoanza maneno ya kumhamisha Mama.

Deo alitaka Mama aende kuishi kwake Kayanga, kwenye umeme na bomba la ndani. Kwa mtu mwingine hiyo ni bahati. Kwa Mama ilikuwa sawa na kuambiwa amwache mumewe njiani.

"Na baba yenu nimwachie nani?" aliuliza. "Nimwachie Sirivesta?"

Sirivesta ndiye anayemsaidia Mama shamba. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye amekulia hapo hapo kijijini, na kwetu sasa ni kama ndugu. Alikuwa mlangoni akisikia jina lake. Akainama akajifanya anafunga kiatu, na siku hiyo alikuwa amevaa ndala.

Krismasi tukakaa kikao cha familia. Mimi nikasema, kabla hamjamhamisha mtu, pimeni kwanza maji. Huwezi kumtoa mtu nyumbani kwake kwa sababu ya kitu ambacho hujui ukubwa wake.

Deo akacheka. Akasema mimi nimeshaolewa, mambo ya kibanja yananihusu nini. Nikamjibu kwamba maji hayajui nani ameolewa. Tukaanza kurushiana maneno kama tulivyokuwa tukigombania kiporo utotoni, mpaka Mama akagonga meza.

Akasema yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele yetu sote:

"Mpime. Mchimbe mnachochimba. Lakini maji yakivuka kizingiti changu tena, nitaenda Kayanga bila kusukumwa na mtu."

Wakuu, nyinyi hamumjui mama yangu. Kwake ahadi ni deni kweli kweli.

Basi nikapewa kazi.

Hesabu yenyewe msiiogope. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba, hiyo ni lita moja. Shamba la Deo ni kama mita za mraba elfu sita. Ikinyesha milimita arobaini, na kwetu mvua ya aina hiyo tunaijua, basi ni lita laki mbili na arobaini elfu zimemwagwa juu ya kichwa cha Mama. Ukiishia hapo unaweza kumhamisha siku hiyo hiyo.

Lakini si zote zinazoshuka. Nyingine ardhi inazinywa, nyingine zinabaki kwenye majani. Kazi yote iko hapo. Katika kila lita kumi zilizodondoka, ngapi zinateremka? Wasomi wanaita runoff na wana namba yake ya nukta. Mimi nilimwambia Mama kwamba natafuta mlima unakunywa ngapi na unatema ngapi. Akaelewa haraka kuliko Deo.

(Kuna mdau kauliza hapo chini kwa nini sikuchukua tu namba kwenye jedwali la chuoni. Mkuu, nililitazama. Lina mstari wa bustani ya matunda yenye majani mazuri, na mwingine wa ardhi iliyolimwa. Mlima wetu nilitaka uniambie wenyewe.)

Nikachukua mabati chakavu, nikayakata vipande virefu, nikavizamisha ardhini kuzunguka kipande cha mita mbili za mraba katikati ya mistari ya parachichi. Upande wa chini nikaweka mfereji mdogo unaomwaga kwenye ndoo ya lita ishirini niliyoifukia hadi shingoni. Pembeni nikafunga kopo la kupimia mvua kwenye kigingi.

Masika ikaingia. Wakati huo majani yalikuwa yamesharudi katikati ya parachichi, yamefika magotini. Kila mvua ikikatika Sirivesta anapanda, anasoma kopo kwa rula, anapima ndoo, ananipigia.

Alikuwa na lugha yake. "Dada, leo kopo limelewa, lakini ndoo haijaonja." Maana yake mvua ni kubwa ila maji yaliyoteremka ni kidogo.

Kwenye mvua kubwa kuliko zote za masika ile, ndani ya kile kipande zilidondoka lita kama themanini. Kwenye ndoo tulikuta nane.

Moja katika kumi, wakuu. Mlima unakunywa tisa unatema moja. Nilifurahi mpaka nikanunua soda ya pili.

Hata hiyo moja, kwa shamba zima, ni lita elfu ishirini na nne, na siku ile maji yalifika uani na kusimama karibu na mlango. Kwa hiyo kiangazi kilipoanza tukachimba makinga maji mawili, mitaro inayoukata mlima kwa upana ili maji yasimame humo na kuzama taratibu. Nilipima usawa kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, na udongo tukautupia upande wa chini kuwa tuta. Kwa pamoja ile mitaro inabeba lita elfu thelathini. Nafasi ikabaki.

Deo alikuja kukagua. Alipiga tuta teke na ncha ya kiatu, akasema, "Haya, injinia, tutaona." Lakini nilimwona akipita tena taratibu, akipima upana kwa hatua zake. Alikuwa anataka nipatie. Kaka yangu hakuwa adui yangu, alikuwa anaogopa tu.

Sasa sikilizeni hapa.

Mwezi wa tisa tulikuwa na misa ya kumbukumbu ya Baba. Ndugu wanatoka Bukoba, wakwe wanatoka Muleba, kwaya inakuja, na padri anasomea misa nyumbani. Mama alikuwa anaisubiri siku hiyo kuliko tunavyosubiri mshahara.

Nilifika siku moja kabla. Nilipoingia tu kwenye njia ya nyumbani nikasimama.

Kibanja kilikuwa kimependeza sijui niseme nini. Nyasi mpya, nene, rangi ya dhahabu, kutoka barabarani mpaka mlangoni. Kaburi la Baba limetandazwa hadi pembeni, hakuna hata udongo wa kuingiza kidole. Hata ndani ya turubai la wageni walikuwa wametandaza nyasi laini, kama wazee walivyokuwa wanafanya.

Nikavua viatu nikatembea juu yake. Nikamwambia Mama, "Baba angekuwepo angejigamba." Mama akatabasamu akaangalia pembeni, kama msichana aliyesifiwa gauni.

Nyasi zile zimetoka wapi, sikuuliza. Nani anauliza? Kibanja kikipendeza unasifu.

Siku yenyewe misa ilienda vizuri. Padri alihubiri vizuri, kwaya iliimba, shangazi alilia kwa kiasi. Tukaanza kula. Watu wako kwenye ndizi za ebitoke na nyama, pombe ya rubisi inazunguka kwa wazee, na mawingu yanajikusanya upande wa mlima bila mtu kuyajali.

Ikashuka.

Mvua ya kwanza ya vuli huwa ina dharau. Haikuanza na manyunyu, ilianza katikati. Wageni wakabanana ndani ya nyumba na chini ya turubai. Mimi nilikuwa nimetulia. Nilikuwa nasimulia mitaro yangu kwa mkwe mmoja aliyekuwa na bahati mbaya ya kukaa karibu nami.

Halafu nikasikia sauti juu. Wale mnaokaa milimani mnaijua, ile ya tuta likiachia.

Maji yalikuja na nyasi. Zile nyasi nzuri za Mama ziliinuka zote kwa pamoja, zikaelea, zikaja mbele ya maji mpaka mlangoni. Zikajikunja kwenye kizingiti, zikayazuia kwa muda mfupi. Kisha maji yakavuka.

Watu wakainua viti. Wanakwaya wakainua masufuria. Kiatu cha mkwe kikaondoka zake. Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule na sahani ya mgeni mkononi, anaangalia kizingiti. Mimi najua alichokuwa anakisikia, maana alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe ya Krismasi.

Deo aliniangalia mara moja tu. Sikungoja.

Nilitoka na viatu vyangu vya kanisani, nikapanda mlima wakati mvua inakatika. Nateleza, nainuka. Mtaro wa juu ulikuwa umejaa ukamwagika, tuta limekatika katikati, na maji yote ya mlima yamepata mlango mmoja. Maji hufuata mkondo, na mkondo huo nilikuwa nimeyachimbia mimi.

Nikainua macho kuangalia shamba.

Lilikuwa limenyolewa, wakuu. Kipara. Kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Katikati ya mistari yote ya parachichi hakukuwa na jani la kukwangua meno. Udongo ulikuwa umekauka kiangazi kizima, umekanyagwa na wakataji, umekuwa kama sakafu.

Zile nyasi za dhahabu nilizozisifu jana yake zilikuwa zimetoka hapo.

Na kuna kitu kimoja kilinifanya nikae chini kwenye matope nicheke huku machozi yanatoka. Katikati ya kile kipara kulikuwa na kipande kimoja cha majani kimesimama wima, magotini kabisa, kimezungukwa na mabati yangu. Hawakukigusa. Nikafunua ndoo. Ilikuwa na maji kidogo tu chini, yale yale ya moja katika kumi.

Yaani mle ndani ya mita mbili za mraba, hesabu yangu ilikuwa sahihi.

Sirivesta alikuwa amenifuata. Nikamuuliza nani kakata. Akanyoosha mikono.

"Mama alisema tukate, Dada. Alisema kibanja hakiwezi kupokea watu kikiwa uchi. Rweya nayo imekwisha, kila mahali ni mashamba na mikaratusi, nyasi zimebaki hapa tu. Lakini akasema vitu vya Dada tusiviguse, maana ndivyo vinavyomweka hapa."

Someni hiyo sentensi yake ya mwisho tena, kisha mniambie ningemjibu nini.

Nikateremka. Deo alikuwa nje ameshika fagio, anasukuma maji. Nikamweleza. Sikutaka kumtaja Mama mbele ya wakwe, nikaanza kuzunguka zunguka, "nyasi zilikatwa, unajua, mazingira yalibadilika." Mama akatokea nyuma yangu.

"Nilikata mimi," akasema. "Ilikuwa misa ya mume wangu."

Kisha akaingia chumbani, na tukasikia sanduku likivutwa kutoka uvunguni.

Nilimkamata Deo pembeni ya jiko. Nikamwambia tatizo ni nyasi, mitaro haina kosa, tunaweza kurekebisha. Akaniangalia kwa macho mekundu. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Dada, siku nikipigiwa simu kwamba Mama amekutwa ndani ya maji, utanipa hesabu gani?"

Nikaokota fagio, nikaanza kusukuma maji.

Tukakubaliana kwamba Mama ataondoka barabara ikikauka, maana gari la Deo lisingepanda kile kilima cha kutokea kwetu na tope lile. Sanduku likawekwa sebuleni, karibu na mlango.

Asubuhi nilimkuta Mama kibanjani amefunga kitenge kiunoni. Alikuwa ameinama kwenye kaburi la Baba, anakusanya nyasi. Anazikung'uta, anazipanga, anazifunga mzigo.

"Mama, unafanya nini?"

"Narudisha. Siwezi kuhama na nyasi za watu."

"Basi chukua za huku kwenye migomba, hizo za kaburini ziache."

Akanyooka, akashika kiuno, akaliangalia kaburi kama mtu anayebishana na mwenzake wa siku zote.

"Yeye ndiye anayenifanya ning'ang'anie hapa," akasema. "Aanze yeye kuchangia."

Akaweka ule mzigo kichwani, akaanza kupanda.

Sijui kama nitaweza kuwaeleza lilivyoonekana jambo hilo kwetu. Maisha yangu yote nimeona nyasi zikishuka. Watoto wanazishusha, wanawake wanazishusha, hata za ng'ombe zinashuka. Sijawahi kuona mtu akipanda mlima na mzigo wa nyasi kichwani. Jirani mmoja alikuwa anapita na jembe lake, akasimama njiani mdomo wazi.

"Mama Deo, waitu, leo nyasi zinapanda?"

"Zilikosea njia," Mama akamjibu, wala hakusimama.

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa bado hajaondoka. Alikaa barazani ameshika shavu. Mjane analivua nguo kaburi la mumewe mchana kweupe, siku ya pili baada ya misa! Najua habari hiyo ilifika Bukoba kabla ya shangazi mwenyewe. Mama naye alijua itafika. Alipanda hivyo hivyo.

Nikajitwisha wangu. Sirivesta akachukua miwili. Tulipofika juu mara ya pili tukamkuta Deo amekunja suruali, anaziba lile tuta lililokatika, jasho linamtoka. Mama akampita na mzigo wake.

Nyasi tulizitandaza kukata mlima, zikilazwa mistari mistari ili maji yasizibebe, tukiziweka mbali kidogo na mashina ya parachichi yasije yakaoza. Ila kipande kimoja kidogo nilikiacha kipara makusudi. Nikakizungushia mabati kama kile cha kwanza, chini yake nikafukia pipa. Deo akauliza cha nini. Nikamwambia hicho ni cha kwake.

Barabara ilikuwa haijakauka vizuri mvua ilipokuja tena. Ilikuwa mchana, na ilikuwa na hasira ile ile.

Tulisimama mlangoni, mimi, Deo na Sirivesta. Mama alikuwa nyuma yetu, amekaa kwenye sanduku lake kwa sababu viti vilikuwa bado vinakaushwa jikoni. Deo alikuwa ameshika jembe kama askari wa zamu. Tulikuwa tunaangalia kona ile ya jiko ambako maji hutokea.

Yalitokea. Mkondo mwembamba, unaoteleza kwenye njia. Ukafika uani, ukazunguka kaburi la Baba, ukaingia kwenye migomba, ukapotea humo.

Mvua ikakatika. Hakikuvuka kitu.

Deo akapanda mlimani peke yake, nami nikamfuata kwa mbali. Mitaro ilikuwa imejaa, lakini matuta yamesimama. Nilimwona akifunua ndoo ya kipande chenye majani, akachungulia. Kisha akafunua pipa la kipande chenye kipara. Akaingiza mkono, mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko. Mvua moja, mlima mmoja, hatua chache kati yake. Kwenye nyasi ilikuwa ni ile ile moja katika kumi, na kwenye kipara zaidi ya tano.

Akaiosha mikono yake na maji ya lile pipa, akateremka.

Alipofika mlangoni akamkuta Mama bado amekaa kwenye sanduku.

"Hilo sanduku liondoeni hapo," Deo akasema. "Litaangusha watu."

Mama akainuka. Akalibeba mwenyewe, akalirudisha uvunguni. Nilimsikia akilisukuma kwa mguu mpaka likagonga ukuta.

Wakuu, nimejifunza nini?

Kwanza, kwa wenye mashamba ya matunda milimani: unapokadiria maji yatakayoshuka, usipime udongo na mteremko ukadhani umemaliza. Ile namba ya nukta si ya mlima, ni ya kilichoufunika mlima siku ile. Na kinachofunika mlima kina watu wanaokihitaji. Uliza nani anakata majani, lini, na anayapeleka wapi. Mimi nilipima mvua, nikapima ardhi, nikasahau kwamba kuna misa.

Pili, kuna mahali tuliko sasa kama jamii, na naliandika hili kwa uchungu. Rweya zimekwisha lakini desturi ya nyasi haijaisha. Tunavua mlima ili kuvika migomba, halafu tunashangaa mlima unakuja kuchukua nguo zake. Mama yangu hakufanya ujinga wowote. Alifanya kile alichofundishwa kuwa ni heshima.

Siku hizi kibanja chetu kina mabaka. Deo anamletea Mama makapi ya kahawa na gari lake, na Sirivesta amepanda majani ya tembo juu ya matuta ya mitaro, hayo ndiyo yanayokatwa, kidogo kidogo, bila kugusa ya katikati ya parachichi. Mengine ni majani ya migomba yenyewe. Bado hakijafunikwa kama zamani, na wapo wanaosema Mama Deo amezeeka, ameacha kibanja kiwe uchi. Anawasikia. Inamuuma, msidhani haimuumi.

Kaburi la Baba halina nyasi mpaka leo.

Nilipomwambia naandika humu, aliuliza mko wangapi. Nikasema wengi. Akasema, "Basi waulize, huko kwao nyasi za juu zinashushwa kwa nani?"

Haya, nawauliza kwa niaba yake. Wa Bugomora, wa Muleba, wa Mbeya na Njombe huko kwenye parachichi, na popote penye mlima na nyumba chini yake. Mainjinia nanyi njooni mnirekebishe hesabu, ila njooni na mvua zenu mlizopima wenyewe. Na kaka yangu, nimekuona uko hewani, changia tu.

Jana kwetu kumenyesha kubwa. Nilikuwa kibandani namhudumia mteja, simu ya Mama ikaita. Hakunisalimia, hakuuliza wajukuu. Alisema maneno mawili akakata:

"Mlima umekunywa."